Kilo Iliyolipiwa na Ifike

Mtu akilipa fedha za kilo 50 kisha akapokea kilo 46, amedhulumiwa kilo 4. Neno hili ni jepesi, wala halimhitaji mwanasheria kulifafanua. Hata hivyo, katika maduka na magulio yetu dhuluma hiyo imepewa majina mengi ya kuipamba. Mara huitwa upungufu wa njiani. Mara huitwa kukauka kwa mzigo. Mara mnunuzi huambiwa kwamba mizani ya kwao na mizani ya dukani hazipatani. Naye mnunuzi, kwa kuwa ametoka mbali na jua linakuchwa, huinama akauchukua mzigo wake akaenda zake. Sisi twasema kwamba majina hayo yote ni pazia tu, na nyuma ya pazia hilo imefichwa mali ya mtu mwingine.

Leo twataka kulizungumza jambo hili kwa kuitazama Heru Juu na nchi yote ya Buha, toka Kasulu hadi Kibondo. Hatufanyi hivyo kwa sababu wafanyabiashara wa huko ni wabaya kuliko wa mahali pengine. Twafanya hivyo kwa sababu huko umbali, milima na majira ya mvua hulifanya kosa dogo la mizani kuwa msiba mkubwa wa nyumba.

Mkulima wa nyanda za juu za Kigoma huishi kwa mahindi, maharagwe, mihogo na ndizi, na wengine huongeza kahawa. Mvua zake huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Msimu huo ndio tegemeo lake la mwaka mzima. Mbolea ya kupandia haina budi kuingia ardhini pamoja na mbegu. Ikichelewa, imepoteza nusu ya faida yake. Mbolea hiyo hununuliwa mjini, ikapandishwa mlimani kwa gari la mizigo, kwa pikipiki, kwa baiskeli, na mwisho kwa kichwa cha mama. Mzigo ukifika nyumbani na kuonekana mwepesi, mkulima hujiuliza maswali mawili: nauli ya kurudi mjini ni kiasi gani, na shamba litamngoja nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo humfanya anyamaze. Mpunjaji anaijua hesabu hiyo vizuri sana. Hupunja kiasi ambacho ni kidogo kuliko gharama ya kulalamika. Hapo ndipo ulipo ujanja wake wote.

Na tuifanye hesabu yenyewe kwa tarakimu, maana tarakimu hazina upendeleo. Msimu wa 2022/23, serikali ilipoanza mpango wa ruzuku ya mbolea kwa wakulima walioandikishwa, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP uliwekewa bei ya ruzuku ya shilingi 70,000. Kwa bei hiyo kilo moja ni shilingi 1,400. Mfuko ukipungua kilo 4, mkulima amepoteza shilingi 5,600. Kwa mtu mmoja kiasi hicho chaonekana si kikubwa cha kumpeleka mtu barazani. Lakini wakulima 100 wakipunjwa kilo 4 kila mmoja, kilo zilizokosekana ni 400, nazo ni mifuko 8 kamili, yenye thamani ya shilingi 560,000. Mifuko hiyo 8 haikuyeyuka hewani. Iko mahali fulani, nayo itauzwa mara ya pili. Wazee wetu walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Walikuwa wakimfundisha mtu kuweka akiba, wala hawakumfundisha mwenye duka kujaza kibaba chake kwa haba za wenzake.

Isitoshe, thamani ya mbolea haikomei kwenye fedha iliyotolewa dukani. Kilo zilizokosekana Novemba hujulikana tena Mei, wakati wa kuvuna, kwa mistari ya mahindi yaliyodumaa na kuwa ya manjano. Mama wa nyumba hawezi kuwaambia watoto kwamba upungufu ni mdogo. Anayepunja mbolea, kwa hiyo, hapunji vumbi la kiwandani. Anapunja ugali wa mwaka ujao.

Tusidhani kwamba mbolea peke yake ndiyo yenye ugonjwa huu. Sukari iliyogawanywa katika mifuko midogo ya kilo moja huweza kupungua kwa gramu hamsini bila jicho kugundua. Mafuta ya kula hupimwa kwa kikombe chenye kitako kilichobonyezwa ndani. Mbao ya futi 12 huwa na futi kumi na moja na kitu. Nondo huuzwa kwa unene usio wake. Bati la geji moja huuzwa kwa bei ya bati la geji nyingine, naye mnunuzi hujua miaka michache baadaye, upepo unapolikunja kama karatasi. Mchanga huuzwa kwa tripu ya gari, nalo gari halikujaa. Katika kila jambo la namna hii, mnunuzi ametimiza sehemu yake ya mapatano kwa ukamilifu, maana fedha yake imehesabiwa noti kwa noti mbele ya macho ya watu wawili. Mbona fedha huhesabiwa kwa uangalifu mkubwa namna hiyo, na mzigo huhesabiwa kwa kukadiria?

Sasa na tuutazame upande wa pili wa jambo hili, maana mkulima huyu huyu ambaye asubuhi ni mnunuzi, jioni ni muuzaji. Apelekapo maharagwe yake gulioni hapimiwi kwa mizani. Hupimiwa kwa debe. Debe la asili lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Siku hizi mahali pengi debe limeachia nafasi yake kwa ndoo ya plastiki ya lita 20, lakini jina limebaki lile lile la debe. Tofauti ni karibu lita 2 katika kila kipimo. Gunia la mahindi kwa desturi huhesabiwa debe sita; basi katika gunia moja tofauti hiyo hufika karibu lita 11, zaidi ya nusu ya debe. Na hapo bado hatujautaja ule mlima unaowekwa juu ya ndoo, wala kule kuitikisa ndoo ili nafaka ishuke, wala ndoo zile zilizotanuliwa kwa moto hata zikasahau umbo lao la kiwandani.

Juu ya hayo pana lumbesa. Gunia huongezwa shingo, likashonewa kamba na majani hata likasimama kama mtu aliyevaa kilemba, nalo bado likaitwa gunia moja. Sheria ya vipimo ya nchi yetu yakataza jambo hili. Mazao yanatakiwa yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Lakini lumbesa imeendelea kupita barabarani mchana kweupe, kwa sababu mnunuzi wa jumla husema kwamba asipojaziwa hivyo atakwenda kununua kijiji cha pili, na mkulima mwenye shida ya ada ya shule hana nguvu ya kumwambia aende. Majirani zetu wa Kenya wamepambana na shida hii hii katika viazi. Mwaka 2019 walitunga kanuni zinazotaka mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Kazi ya kuzisimamia ikawa ngumu kwao kama ilivyo kwetu, maana pasipo mizani gulioni kanuni hubaki karatasi.

Basi jumla ya mambo ni hii. Mkulima wa Buha anapouza, huongeza, anaponunua, hupunguziwa. Akitoa zaidi ya alicholipwa na akipokea pungufu ya alicholipa, ananyonywa kwa mirija miwili kwa wakati mmoja. Yapo mengi yanayosemwa juu ya kumwinua mkulima: mbegu bora, barabara, mikopo. Yote hayo ni mema, nasi twayaunga mkono. Lakini mtungi uliotoboka pande mbili haujazwi kwa kuongeza maji.

Dhuluma ya kipimo si jambo lililogunduliwa jana. Qur'ani Tukufu ina sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwalaani wale wapunjao vipimo, ambao wakipokea hutaka kujaziwa na wakitoa hupunguza. Katika Biblia, kitabu cha Mithali na cha nabii Amosi vyote viwili vyazilaani mizani za hila. Yaani watu wa zamani sana, katika nchi zilizo mbali nasi, walikwisha kutambua kwamba mji ambao kipimo chake hakiaminiki hauna biashara, una mawindo tu. Nasi katika pwani yetu tulikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na frasila ya ratili 35. Vipimo hivyo havikuwa vya kisayansi kama gramu, lakini kila mtu aliyajua mapatano yake. Kuja kwa kilo kulitazamiwa kumaliza ubishi. Haukumalizika, kwa sababu kilo imeandikwa kwenye mfuko lakini haikuwekwa ndani yake.

Tugeukie sasa haki ya mnunuzi, maana wengi hawaijui, na haki isiyojulikana haina tofauti na haki isiyokuwapo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, iliyotungwa tangu zama za Tanganyika, yatoa kanuni iliyo wazi. Muuzaji akileta kiasi pungufu ya kile walichopatana, mnunuzi ana hiari ya kuukataa mzigo wote. Na kama akiamua kuupokea, atalipa kwa kiasi alichopokea tu, kwa bei ile ile ya mapatano. Muuzaji hana haki ya kumlazimisha alipie kilo 50 kwa kumpa kilo 46, wala hana haki ya kumwambia zilizobaki atazileta wiki ijayo kama hawakupatana kuleta kwa mafungu. Na kama fedha imekwisha kulipwa, basi thamani ya kilo zilizokosekana ni deni. Twarudia: ni deni. Si zawadi ambayo muuzaji ataitoa akipenda, wala si fadhila ya kuombwa kwa kupiga magoti. Deni linalotokana na mapatano laweza kudaiwa mbele ya Mahakama ya Mwanzo.

Hapo kale mtu wa Heru mwenye shauri alikwea mlima kwenda kwa Mwami. Heru Juu ndiko yalikokuwa makao ya Mamwami wa Heru, na katika miaka ya 1940 na 1950 aliyekaa katika kiti hicho alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na mashauri yakahamia kwenye mahakama na ofisi za serikali. Ni jambo jema kwamba sheria ni moja kwa watu wote. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mdai wa zamani alijua barabara mlango wa kubisha hodi, na mdai wa leo mara nyingi haujui. Humlaumu mwenye duka, mwenye duka humtupia lawama mwenye gari, mwenye gari humtupia utingo, na utingo amekwisha kushuka Kibondo.

Jambo la mwenye gari lina uzito wake, nasi hatutaki kulipita kwa haraka. Siku hizi watu wengi hununua kwa simu. Mtu wa Heru Juu hutuma fedha kwa simu kwa mwenye duka wa Kasulu au Kigoma, akasema: nipakilie kwenye gari la jioni. Na ajue kwamba sheria humtazama mchukuzi kama mkono wa mnunuzi. Kwa kawaida muuzaji akiisha kuukabidhi mzigo kwa mchukuzi ili umfikie mnunuzi, huhesabiwa kama amemkabidhi mnunuzi mwenyewe, isipokuwa wamepatana vinginevyo. Maana yake ni kwamba kilo zikipotea kati ya duka na gari, deni ni la muuzaji. Zikipotea kati ya gari na nyumbani, shauri huwa la mnunuzi na mchukuzi. Pasipo uzito ulioandikwa wakati wa kupakia, hakuna awezaye kujua kilo zilipotelea wapi. Na katika giza hilo wote wawili, muuzaji na mchukuzi, hujificha, kila mmoja nyuma ya mgongo wa mwenzake. Kwa hiyo mnunuzi wa mbali apatane mapema: ama kwamba mzigo ni wa muuzaji hadi ufike mlangoni, ama kwamba utapimwa na kuandikwa kabla haujapakiwa, na mchukuzi atie sahihi.

Serikali nayo ina chombo chake. Sheria ya Vipimo ya 1982, Sura ya 340, ndiyo msingi. Na tangu mwaka 2002 iko Wakala wa Vipimo, yenye kazi ya kuhakiki mizani, mawe, vibaba na pampu za mafuta, na kukagua bidhaa zilizofungashwa. Kila mizani ya biashara yatakiwa kuhakikiwa kila mwaka na kutiwa alama. Mfanyabiashara atumiaye mizani isiyohakikiwa amekwisha kuvunja sheria, hata kama hajampunja mtu. Hili ni jambo ambalo mwananchi yeyote aweza kulitazama mwenyewe bila kuwa mkaguzi: aiangalie mizani, aitafute alama ya uhakiki na mwaka wake. Akiikosa, aulize. Kuuliza si utovu wa adabu.

Lakini hapa tuna neno la kusema ambalo huenda halitawapendeza wote. Mkaguzi akimkamata mpunjaji, humtoza faini. Faini hiyo huingia katika hazina ya serikali. Na kilo 4 za mkulima je? Mara nyingi hazirudi. Mkosaji ameadhibiwa, sheria imeheshimiwa, magazeti yameandika, na yule aliyeibiwa yungali ameibiwa. Sisi twaona kwamba adhabu pasipo kurudisha ni nusu ya haki. Mwaka 2024, ilipogunduliwa nchini Kenya kwamba baadhi ya mbolea ya ruzuku iliyouzwa kwa wakulima haikuwa na ubora uliotakiwa, swali la kwanza la wakulima halikuwa nani atafungwa. Waliuliza nani atawapa mbolea nyingine kabla mvua hazijapita, na serikali ya huko ilibidi itoe ahadi ya kuwafidia. Shauri lile lilihusu ubora na letu lahusu uzito, lakini funzo ni moja: haki ya mnunuzi ni kupata alichokilipia, katika majira yanayofaa. Twaomba basi kwamba ukaguzi wa vipimo uambatane na hesabu ya kilo zilizopungua, na kwamba mfanyabiashara aliyekutwa na kosa atakiwe kuwarudishia wanunuzi wake wanaojulikana kwa stakabadhi.

Wako watakaosema kwamba mkulima mdogo hana ubavu wa kupambana na mizani ya mwenye mali. Historia ya nchi yetu yawakanusha. Upande wa kaskazini-mashariki mwa Buha, katika nchi ya Usukuma, wakulima wa pamba walilalamika miaka mingi kwamba wanunuzi waliwapunja kwenye mizani. Malalamiko peke yake hayakuongeza hata ratili moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza kuchangishana na kuweka wapimaji wao wenyewe, wapate kuona kwa macho yao uzito wa pamba yao kabla haijakwenda kwa mnunuzi. Kutokana na juhudi hizo, na uongozi wa Paul Bomani na wenzake, viliota vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo baada ya miaka michache lilitajwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Chimbuko lake, ukilitafuta, utalikuta kwenye ndoana ya mizani. Mamia ya vyama yalizaliwa kwa sababu mtu mmoja mmoja alikataa kuambiwa uzito wa jasho lake na mtu mwingine.

Wala tusiifiche sehemu ya pili ya historia hiyo. Vyama vilipokua, mizani ikawa mikononi mwa makarani wa vyama wenyewe, na mwaka 1966 kamati ya uchunguzi iliyoteuliwa na Rais ilikuta udanganyifu na uongozi mbaya katika vyama kadha wa kadha. Wakulima waliomkimbia mpunjaji wa dukani walimkuta mwingine ndani ya nyumba yao. Kwa hiyo haitoshi kuwa na mizani yetu. Mizani yetu nayo hutaka kutazamwa na macho yetu, siku zote, pasipo kumwonea haya ndugu aliyeishika.

Funzo jingine lilitokea katika mpango wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu zitoshazo ekari moja: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia, na ya mbegu, nayo serikali ililipa karibu nusu ya bei, mkulima akajazia iliyobaki. Mpango ulisaidia wengi. Lakini mahali pengine yalitokea ya kuaibisha: vocha zikatiwa sahihi, mbolea isionekane, majina yakaorodheshwa, wenye majina wasijue. Sahihi ilitangulia, mzigo ukafuata, au usifuate kabisa. Mwenye kutia sahihi kabla ya kupokea amempa mwenzake ushahidi wa uongo dhidi ya nafsi yake. Hakimu atauona wino, hatayaona machozi.

Haki hutaka tuseme na neno la wafanyabiashara. Wengi wao ni waaminifu, nao huumizwa na wapunjaji kuliko mtu yeyote, maana anayeuza kilo kamili hawezi kushindana kwa bei na anayeuza kilo iliyokatwa masikio. Ni kweli pia kwamba nafaka mbichi hukauka ikapungua uzito, kwamba mfuko hutoboka njiani, na kwamba sheria yenyewe huruhusu tofauti ndogo katika bidhaa zinazofungashwa kiwandani. Tena ni kweli kwamba mwenye duka wa kijijini huenda naye ameletewa mifuko mipungufu na mwuzaji wa jumla. Basi na apime apokeapo! Akikuta upungufu, naye ni mnunuzi mwenye haki zile zile dhidi ya aliyemletea. Asilolikubali yeye asilishushe kwa mkulima. Dhuluma ikishuka ngazi kwa ngazi, kila mtu akiipokea na kuipitisha, wa mwisho kuibeba ni yule asiye na wa kumpitishia.

Tufanye nini basi? Sisi twaona kwamba jawabu si gumu, wala halingoji fedha za wafadhili. Kila kijiji, kwa chama chake cha ushirika cha msingi au kwa serikali yake ya kijiji, kiwe na mizani moja iliyohakikiwa, ikae mahali pa wazi ambapo mzigo hushushwa, na yeyote anunuaye au auzaye apime bila malipo au kwa malipo madogo. Mizani hiyo iwe na daftari, na katika daftari iandikwe tarehe, aina ya mzigo, uzito ulioandikwa kwenye mfuko na uzito uliopatikana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la msimu mmoja likionyesha kwamba mifuko 30 kati ya 100 iliyotoka duka moja ilikuwa mipungufu, hakuna mwenye duka atakayesema ni bahati mbaya, wala hakuna mkaguzi atakayesema hana pa kuanzia. Mkulima mmoja mwenye kilo 4 ni mlalamikaji; wakulima 30 wenye daftari ni ushahidi.

Kwa mnunuzi mmoja mmoja, twatoa maneno machache ya kushika. Pima kabla ya kulipa, au walau kabla ya kuondoka. Dai risiti, nayo ionyeshe kiasi, si bei peke yake. Usitie sahihi ya kupokea kitu ambacho hujakiona. Ukigundua upungufu, usiufungue mfuko na kuutumia kabla hujawaita mashahidi na kumpasha habari muuzaji siku hiyo hiyo, maana mzigo uliokwisha kumwagwa shambani hauwezi kupimwa wala kurudishwa. Sema kwa upole lakini kwa tarakimu: nimelipia 50, nimepokea 46, nadai 4. Asiposikia, peleka habari kwa ofisi ya kijiji, kwa Wakala wa Vipimo mkoani, na ikibidi kwa Mahakama ya Mwanzo. Na unapouza, kataa ndoo yenye mlima na gunia lenye kilemba. Asiyetaka kupunjwa hana budi kukataa pande zote mbili za biashara.

Viongozi wa wilaya za Kasulu na Kibondo nao wana sehemu yao. Yafaa wahakikishe kwamba kila gulio lina mizani ya halmashauri kabla ya kutoza ushuru. Halmashauri ikusanyayo ushuru wa gunia, na isijue gunia lina uzito gani, yajipunja na yenyewe. Aidha, maduka ya mbolea yakaguliwe kabla ya mvua za Oktoba, si Januari wakati mbolea imekwisha kufunikwa na udongo. Ukaguzi uliochelewa ni kama mwavuli ulioletwa baada ya mtu kulowa.

Barabara ziendazo Buha zinazidi kuwa njema, na mizigo hupanda mlimani upesi kuliko zamani. Ni jambo la kufurahia. Lakini barabara haina dini. Humpitisha mwaminifu na mpunjaji kwa mwendo ule ule. Kitu kinachoweza kuwatenganisha wawili hao ni chuma kidogo kinachoning'inia gulioni, chenye alama ya uhakiki, na watu waliosimama wakikitazama. Wananchi wa Heru Juu wasingoje mpaka mtu awaletee haki hiyo kutoka mjini. Msimu ujao, mfuko wa kwanza utakaopanda mlima na upimwe mbele ya watu, uandikwe, na wa pili ufuate. Aliyelipa kilo 50 apewe kilo 50.